Nyasi za plastiki uani kwangu, na nia niliyoificha



Tangu nianze kutuma picha za magauni ya harusi, swali ninaloulizwa sana si la bei wala la kitambaa. Ni la nyasi. "Dada, Singida si pakavu? Hizo nyasi za kijani nyuma ya bi harusi umezitoa wapi?" Mteja wangu mmoja wa Mpendae aliniambia amekwishamwonyesha mumewe ile picha, na wanataka ua wao uwe vile vile kabla ya Ramadhani. Nikaona nisimwache mtu aingie gharama kwa kutazama picha tu. Leo naeleza yote, bei na makosa, pamoja na jambo moja nililokaa nalo moyoni muda mrefu.

Kwanza, ni za plastiki. Watu wa Unguja mnazijua, kwani uwanja wa Amaan umetandikwa nyasi za jamii hiyo, tofauti ni urefu wa nyuzi na unene wake. Nilisoma mahali kwamba zilipata jina Marekani mwaka 1966, kwenye uwanja wenye paa wa Astrodome kule Houston. Nyasi halisi zilikuwa zimekufa mle ndani kwa kukosa jua, ndipo wakaleta za plastiki. Nilicheka peke yangu. Wao walizitafuta kwa kukosa jua, mimi nimezitafuta kwa kuzidiwa nalo.

Asiyeijua Singida nimwambie hivi. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na ikifika Mei zimekwisha. Baada ya hapo ni jua, mawe, na upepo. Upepo wa huku mkiuona mtadhani una ugomvi na mtu. Ukianika shela nyeupe asubuhi, mchana unaikuta imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Sasa fikiria mimi ninayeshona magauni ya harusi, yale yenye mkia wa kuburuta chini.

Ua wetu una mita 5 kwa 8, ukuta mrefu pande zote, na mlango mmoja tu unaotokea kwenye chumba changu cha kushonea. Kwa kazi yangu ule ukuta ni mtaji. Bi harusi akija kupima gauni anaweza kuvua hijabu, akazunguka, akapigwa picha na mdogo wangu wa kike kwa simu ya bi harusi mwenyewe, na hakuna jicho la mtu baki linaloingia. Wapo wanaokuja kutoka Manyoni na Iramba kwa sababu hiyo tu. Lakini chini palikuwa vumbi tupu, na kila gauni liliondoka na pindo chafu ambalo nililifua kwa mkono usiku.

Nilikuwa na akiba ya shilingi 1,400,000 niliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka miwili, ninunue mashine ya kudarizi. Mume wangu ni dereva wa lori. Hesabu za nyumbani tunazipiga pamoja, na tulishakubaliana kwamba hizo ni za mashine. Nikimwambia nazitoa ninunue nyasi za kupigia picha, atasema nimerogwa. Nilimjua.

Hapo ndipo nilipomtumia baba mkwe.

Baba ni Mnyaturu wa hapa hapa, lakini ujana wake wote aliumaliza Dar es Salaam, kwenye viwanja vya gofu vya Gymkhana. Alianza kwa kuokota mipira, akabeba mifuko ya wachezaji, mwisho akawekwa kwenye nyasi. Kazi yake kubwa ilikuwa grini, ile sehemu ya nyasi fupi mno yenye shimo, ambapo mchezaji haupigi mpira kwa nguvu, anausukuma taratibu mpaka uingie. Akishaswali Alfajiri anakwenda kuzikata, halafu anahamisha shimo, analiziba la zamani na kutoboa jingine mbali kidogo, ili nyasi za ukingoni zisikanyagwe kila siku zikafa. Haya yote nilisimuliwa na mume wangu. Baba mwenyewe alistaafu, akarudi nyumbani, akawa mtu wa ng'ombe na alizeti kama wazee wengine. Kilichobaki cha kule ni mipira miwili ndani ya kopo la maziwa na fimbo moja ya chuma, ile fupi ya kusukumia, wenyewe huiita pata. Nilipoolewa niliikuta nyuma ya mlango wa uani. Miaka 9 niliitumia kama komeo.

Mwezi wa tatu mwaka 2022 baba alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, mkono na mguu, na maneno yakaondoka. Si kwamba alikuwa haelewi. Alielewa kila kitu, ila neno alilolitaka halikuja, au lilikuja jingine, akakasirika. Kilichotushangaza ni kwamba Alfatiha aliisoma yote bila kukosea, na salamu aliitikia, na "Bismillah" na "Alhamdulillah" zilimtoka zenyewe. Lakini kuomba maji hakuweza. Daktari alituambia hutokea hivyo, yale mtu aliyoyasema maisha yake yote kwa mazoea huweza kubaki hata maneno mengine yakipotea. Mume wangu yuko barabarani wiki mbili kwa wiki, mama mkwe alishatangulia mbele ya haki, wifi zangu wameolewa mbali. Nikabaki mimi na baba.

Niwaambie mabi harusi mnaojiandaa kwenda kukaa kwa wakwe, maana hili nimeulizwa sana. Baba mkwe ni maharimu wako. Limo katika Surat An-Nisaa, aya ya 23, na halibadiliki hata ukiachika au ukifiwa na mume. Si lazima ujifunike mbele yake kama mbele ya mtu baki. Mimi nililijua hilo kitabuni, lakini miaka 9 nilimpita baba mkwe nimeinamisha kichwa, nikamwekea chakula na kuondoka. Kwetu tumelelewa kwamba heshima ya mkwe ni kukaa naye mbali. Kumuogesha ilikuwa kazi ya mpwa wake wa kiume, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini kumlisha, kumvalisha viatu, kumshika mkono mpaka chooni na kumgeuzia kisogo, hayo yalikuwa yangu. Unajikuta unamjua mtu uliyeishi naye nyumba moja bila kumjua.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitushauri tumtafutie kitu kitakachomfanya asimame na ahamishe uzito kutoka mguu huu kwenda huu, na kiwe kitu anachokipenda, kwa sababu mgonjwa huyachoka mazoezi matupu. Siku moja jioni natoka chumba cha kushonea, nakuta mlango umeachwa wazi na komeo langu halipo. Baba amesimama katikati ya ua. Mkono wa kushoto umeshika ile fimbo, wa kulia umewekwa juu yake kama pambo. Anasukuma limau. Limau linakwenda hatua mbili, linagonga kokoto, linapinda, kuku wanalifuata. Analisukuma tena.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Nilichofikiri, wallahi, ni hiki: sababu yangu nimeipata.

Usiku nikampigia mume wangu, alikuwa Kahama. Nikasema nataka kumtandikia baba nyasi kama za gofu, afanye mazoezi, mashine ya kudarizi itasubiri. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Mke wangu, Allah akulipe kheri." Niliitikia Amin, na hiyo Amin ilinikwama kooni.

Nyasi nilizinunua Kariakoo kupitia shoga yangu anayeniletea vitambaa. Mita za mraba 40, kila moja shilingi 18,000, jumla 720,000. Usafiri 45,000, fundi 100,000. Alinitumia picha za aina mbili. Fupi, nyuzi zake milimita 10, ngumu kama zulia la mlangoni. Ndefu, milimita 30, laini, zinazong'aa, mkia wa gauni ukilala juu yake unazama kidogo kama uko bustanini. Mtu anayetaka mpira uviringike anachukua fupi, hilo hata mtoto angejua. Nilichagua ndefu.

Zilipofika, baba aliinama kwa shida akapitisha kiganja juu yake, akatikisa kichwa. Nikasema hajazizoea.

Fundi alikuja Oktoba. Alifyeka magugu, akasawazisha udongo kwa reki, akamwaga maji, akatandika, akapigilia misumari pembeni, saa tisa alasiri keshamaliza. Tena kabla hajamaliza mimi niligundua kosa moja, kwa sababu ya ushonaji. Nyasi huja katika mabunda ya upana wa mita 2, kwa hiyo ua wangu ulihitaji vipande vinne. Mkate nguo ya mahameli mnajua, manyoya yake yana upande yanaolala. Ukikata kipande kimoja kikielekea juu na kingine chini, gauni linakuwa la rangi mbili. Nyasi za plastiki ni vile vile kabisa. Yeye kipande cha tatu alikigeuza ili asipoteze masalio, na ua wangu ukawa na mstari kama viraka. Nikamfanya akigeuze. Nilijiona fundi wa mafundi siku hiyo.

Kumbe kosa kubwa lilikuwa chini, na aliyeliona ni baba. Asubuhi ile, kabla ya kutandika, alikuwa akigonga ardhi kwa fimbo yake karibu na ukuta wa jiko. Anagonga, ananitazama, anachora mstari vumbini kutoka jikoni mpaka kwenye tundu la maji la ukuta wa nje, anagonga tena. Uso umemwiva kwa hasira, neno halitoki. Nikamwambia, "Baba, uji unakuja." Nikamletea uji. Akausukuma kikombe kikamwagika. Nikamwambia fundi aendelee.

Picha zilitoka nzuri, siwezi kusema uongo. Mwezi ule wa Novemba nilipata mabi harusi sita. Lakini nilianza kujifunza mambo ambayo muuzaji hasemi. La kwanza ni joto. Nyasi hai hujipoza zenyewe kwa maji yaliyomo ndani yake, plastiki haina maji, inalipokea jua na kukaa nalo. Saa sita mchana bi harusi mmoja aliyekuwa amepakwa hina mpaka kwenye nyayo alikanyaga bila viatu, akaruka akipiga kelele mpaka jirani akauliza ukutani kuna nini. Nikawa namwaga maji kabla ya mteja kuingia, inapoa dakika chache tu, halafu joto linarudi. Na maji ya Singida si ya kumwagiwa plastiki.

Baba hakuzitumia. Alijaribu mara mbili. Mpira ulizama kwenye nyuzi ndefu ukasimama pale pale. Akairudisha fimbo nyuma ya mlango, mahali pa komeo. Mume wangu alipopiga simu kuuliza, nilisema anaendelea vizuri.

Januari 2023 mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Maji ya paa la jiko yalipita chini ya nyasi, yakaula udongo, na asubuhi palikuwa na mashimo yaliyofunikwa na kijani, usiyoweza kuyaona. Baba alitoka kwenda kutawadha kwa ajili ya Alfajiri. Nilisikia birika, halafu nikasikia kishindo.

Hakuvunjika, Alhamdulillah. Aliumia nyonga na akarudi kitandani wiki tano, na hatua zote alizokuwa amezipata kwa miezi kumi zikapotea. Wifi yangu mkubwa alikuja, akausimamia ule ua akiwa ameshika kiuno, akasema, "Baba yangu umemtegea mtego wa kijani." Nilikosa jibu, maana lilikuwa neno la kweli. Nilipoinua ncha ya nyasi karibu na jiko niliuona mfereji uliochimbwa na maji. Ulipita juu kabisa ya mstari alioniandikia baba vumbini, siku niliyompelekea uji.

Mume wangu aliporudi nilimwambia. Si habari ya kuanguka, hiyo alishaijua. Nilimwambia kwamba nyasi hazikuwa za baba. Nilizitaka kwa picha, na nilimtaja baba ili asinikatalie. Hakupiga kelele. Alikaa siku mbili hazungumzi nami zaidi ya salamu, na ile "Allah akulipe kheri" aliyoniambia kutoka Kahama ilinirudia kila nilipokaa kwenye cherehani. Siku ya tatu akasema, "Kamwambie mwenyewe."

Nilikwenda. Nilikaa chini karibu na kitanda, nikamweleza baba kama nilivyowaeleza ninyi, na kuhusu uji pia. Alinitazama sana. Nilidhani ananitafutia neno la kunilaani. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni, palipo na ile fimbo, akasema lile neno alilobakiwa nalo. "Bismillah."

Tulisubiri mvua ziishe. Juni tukaanza upya, na safari hii msimamizi alikuwa baba, kwenye kiti, chini ya mwavuli. Vijana wawili wa ukoo walifukua ua wote kina cha sentimita 10. Kokoto zilitoka kwa akina mama wanaogonga mawe kando ya barabara, na huku kwetu mawe ndiyo neema tuliyopewa bila kipimo. Tukamwaga kokoto, tukashindilia kwa kipande cha gogo chenye mpini. Juu yake vumbi la kokoto sentimita 3, tukanyunyiza maji, tukashindilia tena, mpaka kisigino hakiachi alama. Mteremko uliteremka sentimita 1 kwa kila mita, kutoka jikoni kwenda kwenye tundu la ukuta. Kila tulipodhani tumemaliza, baba aliomba birika lake la udhu, akalimwaga chini, akayatazama maji yanakwenda wapi. Yakisimama mahali anatikisa kichwa. Alitufanya turudie mara tatu. Vijana walinung'unika, mimi sikuthubutu.

Nusu ya nyasi ndefu nilimuuzia dada mwenye saluni, nikaongeza pesa nikanunua fupi, mita za mraba 20, za upande wa baba. Maungio hatukupigilia misumari tena. Chini ya kila ungio kuna utepe mpana wenye gundi, kingo mbili zinakutanishwa bila kupandana, kama unavyokutanisha mshono wa bega. Mwisho tukamwaga mchanga mkavu uliochekechwa na kuupiga ufagio mgumu mpaka uingie kwenye mizizi ya nyuzi. Mchanga ndio unaozifanya zisimame na zisipeperushwe na upepo wetu. Awamu hii ilinigharimu 410,000, pamoja na neti ya kivuli na nguzo zake. Katika akiba ya mashine zilibaki 125,000, na ninadarizi kwa mkono mpaka leo.

Shimo la gofu lina kipimo chake dunia nzima, milimita 108 kukata katikati. Hapa mjini tulipata bomba la plastiki la inchi 4, linakaribia kabisa. Kijana alikata kipande, akakichomeka mpaka kikawa sawa na usawa wa nyasi. Baba akapiga fimbo chini. Kijana akakitoa, akakichomeka tena vile vile. Baba akapiga tena. Safari hii sikuleta uji. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, nikasema, "Baba, nionyeshe." Akaninyooshea kidole gumba, akagusa fundo lake la juu. Bomba lizame kwa urefu wa pingili ya kidole gumba, ukingo wa juu ubaki wa nyasi zenyewe. Baadaye niliuliza mtu anayecheza, akaniambia ndivyo sheria yao inavyosema, inchi moja chini ya usawa. Chini ya bomba tukaacha kokoto tupu, maji yasisimame.

Shimo la plastiki halihamishwi kila asubuhi, na hilo lilimsumbua. Tukatoboa mawili. La tatu nililitoboa mimi bila kutaka, kaa la moto liliponidondoka kutoka kwenye pasi ya mkaa likayeyusha nyasi kwa ukubwa wa bakuli. Nilikuwa nakata kiraka, baba akaja na mkongojo, akakitazama, akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu." Basi likawa la tatu. (Ninyi mnaopiga pasi ya mkaa uani, au mnaochoma mishikaki, msizitandike huko. Plastiki na kaa hawapatani.)

Tukabakiwa na tatizo moja ambalo hakuna fundi wa kulitatua. Hata kukiwa na neti, saa za kukanyaga bila kuungua ni asubuhi na baada ya Alasiri. Asubuhi viungo vya baba huwa vigumu, hawezi kitu. Saa yake ni ile iliyo kati ya Alasiri na Magharibi. Na hiyo ndiyo saa ambayo kila bi harusi anaitaka, mwanga wa dhahabu, joto limepungua, kazini wametoka. Mabi harusi si maharimu zake, hawawezi kukaa ua mmoja wamevua hijabu. Kwa wiki kadhaa nilimwambia baba, "Leo subiri kidogo, kuna mteja." Akarudi kukaa kitandani na fimbo yake mapajani. Siku ya nne au ya tano nilimkuta amekaa vile, viatu keshavaa, jua limeshazama. Nikachukua daftari la miadi nikafuta mstari wote wa jioni.

Sasa wateja wangu huja saa moja asubuhi. Wengine wamenikimbia, wapo walioniandikia maneno. Gauni linaonekana vizuri tu asubuhi, upepo haujaamka, na anayetaka kwa kweli huja. Wa Mpendae nakujibu hapa hapa: kama ua wako una jua la mchana kutwa na hauna kivuli, zuia pesa yako kwanza, ujenge kivuli. Na usimruhusu mtu atandike juu ya udongo mtupu hata akikuapia.

Ijumaa iliyopita bi harusi mmoja alifika bila miadi saa kumi na moja jioni, ametoka Itigi, harusi Jumapili. Nikampokea, nikamkalisha chumba cha kushonea, nikamtilia chai na kumwambia gauni atalijaribu ndani, picha tutapiga baadaye kama kutakuwa na mwanga. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa. Tukasikia mkongojo, halafu kimya kirefu, halafu mpira ukatumbukia kwenye bomba, kok.

"Kuna nini huko nje, dada?"

"Ni baba," nikamwambia. "Bado mashimo mawili."